Kuunganisha Lahajedwali na Matini: Suala la Uaminifu wa Takwimu katika Uandishi wa Kiisimu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi takwimu zilizomo katika lahajedwali zinavyoweza kuunganishwa na makala yanayoandikwa katika programu ya kuchakata matini, ili tarakimu inapobadilika katika chanzo chake ibadilike pia katika maandishi. Huenda mada hii ikaonekana kuwa ya mafundi wa tarakilishi, wala si ya wanaisimu. Dai letu ni kwamba inamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Yeyote anayehesabu maneno, viambishi, makosa ya wanafunzi au matukio ya ngeli fulani huwa na mahali pawili pa kuhifadhi ukweli mmoja: pale anapohesabia na pale anapoandikia. Mahali hapo pawili pasipoafikiana, msomaji hana njia ya kujua ni papi paaminiwe.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa tufafanue istilahi chache. Neno lahajedwali limeundwa kwa kuambatanisha laha, yaani karatasi iliyo bapa, na jedwali. Ndani ya lahajedwali mna safu wima na safu mlalo, na pale zinapokutana ndipo panapoitwa seli. Faili inayokusanya laha kadhaa tutaiita kitabu cha kazi. Neno kiungo tutalitumia kwa maana ya uhusiano unaoifanya seli isomwe kutoka katika makala. Tumeliepuka neno kiunganishi kwa sababu sarufi imekwisha kulichukua kwa aina mojawapo ya maneno. Tena tutatofautisha vitenzi vitatu ambavyo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: kubandika, kupachika na kuunganisha. Tofauti yake ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya maelezo yatakayofuata.

2. Chimbuko la mbinu

Lahajedwali la kwanza kupata umaarufu katika tarakilishi ndogo lilikuwa VisiCalc, lililotolewa mwaka 1979 kwa ajili ya mashine ya Apple II. Wazo lilikuwa la Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na programu yenyewe iliandikwa na Bob Frankston. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983. Excel ilitokea mwaka 1985 katika mashine za Macintosh, kisha ikaingizwa katika mfumo wa Windows mwaka 1987. Word, ambayo ni programu ya kuchakata matini, ilikuwa imetolewa tangu mwaka 1983.

Kwa muda fulani programu za namna hizi mbili ziliishi kama majirani wasiosemezana. Aliyetaka kuhamisha jedwali alilichapa upya, au alilinakili na kulibandika likiwa maandishi matupu. Mwaka 1987 Windows iliingiza utaratibu ulioitwa DDE, uliowezesha programu moja kuiomba nyingine data na kuarifiwa data hiyo inapobadilika. Mwaka 1990 ukafuata utaratibu wa OLE, uliowezesha kitu kilichotengenezwa katika programu moja kukaa ndani ya faili ya programu nyingine. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1993. Watengenezaji wa Macintosh nao waliingiza utaratibu wa kwao mwaka 1991, katika toleo la saba la mfumo wao. Kwa hiyo jambo tunalolieleza si geni. Limekuwepo kwa zaidi ya miaka thelathini, ilhali wengi wetu tungali tunachapa tarakimu kwa mkono kutoka dirisha moja hadi jingine.

3. Mfano wa takwimu-msamiati

Ili kuonyesha uzito wa jambo hili, tuchukue mfano kutoka uwanja unaofahamika kwa wasomaji wa jarida hili, yaani ulinganishaji wa lugha za Kibantu kwa njia ya takwimu-msamiati. Morris Swadesh alipendekeza orodha ya maneno ya msingi 200 mwaka 1952, akaipunguza hadi 100 mwaka 1955. Mtafiti huchukua orodha hiyo, akatafuta neno la kila dhana katika kila lugha, kisha akaamua kama maneno ya lugha mbili ni nasaba, yaani yametokana na asili moja. Idadi ya maneno nasaba hugeuzwa kuwa asilimia, na asilimia hiyo huchukuliwa kuwa kipimo cha udugu.

Idadi ya ulinganisho hukua upesi mno. Kundi la Sabaki lina matawi matano: Kielwana, Kipokomo, Kimijikenda, Kiswahili na Kikomoro. Mtu akichukua lugha moja kutoka kila tawi atapata jozi 10. Akizifikisha lugha na lahaja zake kumi, jozi zitakuwa 45. Kila jozi ina uamuzi wa maneno 100, kwa hiyo maamuzi ni 4,500. Hakuna mtafiti atakayefanya maamuzi 4,500 asibadilishe hata moja.

Tatizo kubwa zaidi ni maneno ya mkopo. Katika orodha ya Swadesh mna dhana za damu, samaki na baridi. Katika Kiswahili sanifu maneno hayo yote matatu yametoka katika Kiarabu. Lugha mbili za pwani zikiwa zimeyakopa yote, mtafiti asiyetahadhari atayahesabu kuwa ni ushahidi wa udugu, hali ni ushahidi wa biashara na ujirani tu. Akishagundua hivyo hana budi kuyaondoa katika hesabu, na kigawanyo kitashuka kutoka 100 hadi 97.

Na tuseme kuna lugha tatu, A, B na C. A na B ziko pwani na zimekopa maneno hayo matatu. C iko bara na imehifadhi maneno ya Kibantu. Takwimu zifuatazo ni za kubuni, kwa ajili ya mfano tu. Katika hesabu ya kwanza, A na B zinashiriki maneno 66 kati ya 100, yaani asilimia 66.0. A na C zinashiriki maneno 65, yaani asilimia 65.0. Mtafiti anaandika katika sura yake ya nne kwamba A ina udugu wa karibu zaidi na B kuliko na C.

Baadaye anayaondoa maneno matatu ya mkopo. A na B, zilizokuwa zikiyashiriki yote, zinabaki na maneno 63 kati ya 97, yaani asilimia 64.9. A na C, zisizoshiriki hata moja, zinabaki na maneno yao 65, lakini sasa ni kati ya 97, yaani asilimia 67.0. Asilimia moja imeshuka na nyingine imepanda. Mpangilio umepinduka. Iwapo mtafiti amesahihisha jedwali lililo katika kiambatisho na kuisahau sentensi iliyo katika sura ya nne, tasnifu yake itakuwa na hitimisho linalokanushwa na data yake yenyewe.

Yafaa izingatiwe kwamba kosa la namna hii halitokani na uvivu wala ujinga. Linatokana na ukweli kwamba tarakimu moja imeandikwa mahali pengi: katika jedwali, katika matini, katika tanbihi, katika ikisiri na katika hitimisho. Kumbukumbu ya binadamu haiwezi kutegemewa kuzifuata zote.

4. Njia tatu za kuhamisha data

Ziko njia tatu za kutoa data katika lahajedwali na kuitia katika makala.

Njia ya kwanza ni kubandika. Mwandishi hunakili seli na kuzibandika zikiwa maandishi au jedwali la kawaida. Tangu hapo nakala hiyo haina habari ya chanzo chake. Ni sawa na picha ya mtu: mtu akizeeka, picha haizeeki. Njia hii yafaa kwa data ambayo imekwisha kufungwa.

Njia ya pili ni kupachika. Hapa kitabu cha kazi chote huingizwa ndani ya makala, ingawa msomaji huona sehemu yake tu. Ukibofya mara mbili juu ya jedwali, lahajedwali hufunguka papo hapo. Lakini hii ni nakala ya pili, isiyohusiana tena na faili ya asili. Zaidi ya hayo ina hatari ambayo watafiti wengi hawaijui. Kwa kuwa kitabu chote kimeingia, laha zisizoonekana nazo zimeingia. Ikiwa laha ya pili ina majina, umri na vijiji vya watoa-habari, kila atakayetumiwa makala hayo ataweza kuifungua na kuyasoma. Mtafiti aliyewaahidi watu usiri atakuwa ameivunja ahadi yake bila kukusudia. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imelifanya jambo hili kuwa zaidi ya suala la adabu ya utafiti.

Njia ya tatu ni kuunganisha. Makala hayabebi lahajedwali, bali hubeba anwani yake: jina la faili, mahali ilipo, laha na seli zinazotakiwa. Pamoja na anwani hiyo huhifadhiwa matokeo yaliyosomwa mara ya mwisho. Kiungo kinapohuishwa, programu huifuata anwani, husoma yaliyomo na kuyaweka mahali pa yale ya zamani.

5. Utaratibu wa kuunganisha

Tutaeleza utaratibu kwa mujibu wa Excel na Word, kwa kuwa ndizo zinazotumika katika ofisi nyingi. LibreOffice nayo ina viungo vya aina hii kati ya lahajedwali na matini, na programu za Google huruhusu jedwali la lahajedwali kuunganishwa na makala na kuhuishwa kwa kubofya.

Jambo la kwanza ni kulipanga lahajedwali vizuri. Kila neno la orodha lipewe safu mlalo yake, na kila jozi ya lugha safu wima yake. Katika seli iandikwe 1 ikiwa maneno ni nasaba, na 0 ikiwa si nasaba. Neno lililoondolewa katika hesabu liachiwe seli tupu, wala lisiandikiwe 0. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu fomula ya wastani hupuuza seli tupu lakini huhesabu sufuri. Ukiandika 0, kigawanyo kitabaki 100 na asilimia itakuwa ya uongo. Ukiiacha seli tupu, kigawanyo kitashuka chenyewe hadi 97.

Jambo la pili ni kuyatenga matokeo. Asilimia zote ziwekwe katika laha yake, mbali na orodha ya maneno. Mtu akiipanga upya orodha kwa alfabeti, maneno yatahama kutoka seli hadi seli. Matokeo yakiwa katika laha nyingine hayataguswa.

Jambo la tatu ni kuzipa seli majina. Kwa kawaida kiungo huitambua seli kwa nambari ya safu mlalo na ya safu wima. Ukiongeza safu mpya juu yake wakati makala yamefungwa, kiungo kitaendelea kuelekea mahali palepale, na sasa kitasoma tarakimu ya jozi nyingine. Hakuna onyo litakalotolewa. Seli ikipewa jina, tuseme Asilimia_AB, jina huifuata seli popote iendapo.

Baada ya maandalizi hayo, kitabu cha kazi kihifadhiwe kwanza katika diski, kwani faili isiyo na jina haina anwani. Kisha seli inakiliwe. Katika makala ichaguliwe amri ya kubandika kwa namna maalumu, na ndani yake chaguo la kubandika kiungo. Kwa tarakimu itakayokaa ndani ya sentensi, yafaa kuchagua maandishi yasiyo na mtindo, ili ifuate herufi za aya inamokaa. Kwa jedwali zima, maandishi yenye mtindo hufaa zaidi.

Ukibonyeza Alt pamoja na F9, Word itakuonyesha kilichofichika nyuma ya tarakimu: msimbo ulio ndani ya mabano, unaoanza kwa neno LINK na kufuatwa na anwani. Hapo ndipo unapoweza kuiondoa nambari ya seli na kuweka jina. Ukibonyeza tena utarejeshewa matini yako. Kuhuisha viungo vyote, chagua matini nzima na ubonyeze F9. Hata hivyo, kuchagua matini nzima hakuchagui tanbihi wala vichwa vya kurasa. Hivyo lazima vihuishwe peke yake. Kwa mwandishi wa kitaaluma, mwenye mazoea ya kuweka takwimu katika tanbihi, hili si dogo.

6. Mipaka ya kiungo

Itakuwa si haki tukiisifu mbinu hii bila kuonyesha upungufu wake.

Kwanza, kiungo hutegemea anwani. Faili ikihamishwa hadi kabrasha jingine, au mwandishi akimtumia msimamizi wake makala peke yake, kiungo hukatika. Kinachobaki ni matokeo ya mwisho yaliyosomwa, na huenda mtu asitambue kwamba hayahuishiki tena. Dawa yake ni kuziweka faili zote mbili katika kabrasha moja tangu siku ya kwanza, na kuirekebisha anwani iliyo katika kiungo kila zinapohamishwa.

Pili, liko suala la usalama. Faili inayoweza kuamuru nyingine isomwe inaweza pia kutumiwa na wenye nia mbaya. Utaratibu wa DDE ulitumiwa hivyo, na mwezi Desemba 2017 Microsoft waliuzima katika Word. Viungo vya aina ya LINK vingali vinatumika, lakini makala yanapofunguliwa programu huuliza kwanza kama vihuishwe. Ukilijua chanzo, kubali. Makala yakitoka kwa mtu usiyemjua, kataa.

Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wanalugha, kiungo hubeba tarakimu, hakibebi sentensi. Turudi kwenye mfano wetu. Viungo vitaibadilisha 66.0 kuwa 64.9, na 65.0 kuwa 67.0. Lakini maneno “A ina udugu wa karibu zaidi na B kuliko na C” yatabaki vilevile. Tarakimu sahihi sasa zimekaa ndani ya madai ya uongo, na msomaji makini atashangaa. Maneno kama zaidi, pungufu, karibu nusu, wengi na wachache ni hukumu, na hukumu haihuishwi kwa kubonyeza F9. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba mwandishi atie alama kila sentensi yenye hukumu inayotegemea takwimu, ili azisome upya zote kila data inapobadilika.

Nne, Kiswahili kina mahitaji yake ya upatanisho. Tarakimu iliyoandikwa kwa nambari haichukui kiambishi, kwa hiyo “maneno 64” na “vitenzi 64” zote ni sawa. Lakini ikiandikwa kwa maneno, ni maneno sitini na manne, vitenzi sitini na vinne. Aidha idadi ikishuka hadi moja, nomino nayo hubadilika: maneno 2, bali neno 1, na vivumishi na vitenzi vya sentensi nzima huifuata. Basi tarakimu zilizounganishwa ziandikwe kwa nambari daima, na zisitumiwe mahali ambapo idadi yaweza kufikia moja bila sentensi kusomwa tena.

7. Kufunga data

Kuna wakati ambapo kiungo hakitakiwi tena. Tasnifu iliyowasilishwa kwa watahini, au makala yaliyopelekwa kwa mhariri, ni ushahidi wa yale mwandishi aliyoyadai siku ile. Yasibadilike usiku kwa kuwa mtu amesahihisha seli. Basi kabla ya kuwasilisha, viungo vyote vihuishwe kwa mara ya mwisho, matini isomwe yote, kisha nakala ya makala ihifadhiwe kwa jina jingine. Katika nakala hiyo viungo vikatwe. Ukichagua matini na kubonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja, tarakimu zitageuka kuwa maandishi ya kawaida. Tanbihi nazo zifanyiwe hivyo. Na kitabu cha kazi kinakiliwe, kipewe tarehe ya siku hiyo katika jina lake, na kihifadhiwe kando ya makala. Mwenzako akikuuliza baada ya miaka kumi umeipataje asilimia 67.0, utaweza kumwonyesha maneno 65 na kigawanyo chake.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kubandika, kupachika na kuunganisha ni vitendo vitatu tofauti, na kwamba kila kimoja kina wakati wake. Wakati wa kuandika na kurekebisha, kuunganisha humwondolea mtafiti mzigo wa kuzifuata tarakimu mahali pengi. Wakati wa kuwasilisha, viungo hukatwa na data hufungwa. Kupachika, kwa data yenye habari za watu, yafaa kuepukwa.

Wanafunzi wetu hufundishwa kutaja chanzo cha kila wazo walilolipata kwa mwingine. Ni nadra kufundishwa kutunza uhusiano kati ya tarakimu zao wenyewe na chanzo chake. Twapendekeza somo hili liingizwe katika kozi za mbinu za utafiti wa lugha, mapema, kabla mwanafunzi hajaanza kukusanya data, na lifundishwe kwa orodha za maneno na hesabu za ngeli badala ya mifano ya mauzo ya dukani. Hata hapo, mwanafunzi aelezwe wazi kwamba mashine itamwangalizia tarakimu tu. Sentensi ni zake, na atakayeulizwa juu ya ukweli wake ni yeye.